Kabla ya Ufunguo

Mcha, ukisoma haya mie nishatoka na gari ya alfajiri,
nakwenda mjini kutolewa huyu mtoto wa jicho.
Ufunguo umo ndani ya kopo la chumvi.
Usiutoe. Soma kwanza.

Lizunguke konde lote kwa miguu, fimbo mkononi.
Minazi ya Upenja haijui kama leo tunafyeka:
imeangusha kumbi, vidaka, makuti, vifuu,
na ukoka umevifunika vyote kama shuka.
Panga likikuta kifuu halikikati, hukitupa.
Uliza bati la choo cha Bi Kazija.
Tundu lile si la kutu.

Kisha trekta. Lilikuwepo kabla sijavunja ungo.
Kiti chake ni gunia juu ya chuma,
honi imekufa, taa moja ina kiota cha nyigu,
na breki ya kushoto hushika nyuma ya mwenziwe.
Hayo utayazoea. Moja usilizoee:

halina friwili.

Baiskeli yako, ukiacha kukanyaga mteremkoni,
gurudumu lenda zake, miguu imetulia.
Hili sivyo. Panga kule nyuma ni zito,
likishashika kasi halimjui dereva.
Utakanyaga klachi, utadhani umesimama,
nalo litarudisha nguvu zake kwenye shafti,
shafti kwenye gia, gia kwenye magurudumu,
na chuma kizima kitakwenda, taratibu,
kama ng'ombe aliyeona maji.
Punguza mafuta mapema.
Kanyaga klachi, na papo hapo mkono utoe gia.
Mguu peke yake hautoshi.

Lile bomba la plastiki usilivue.
Niliivika shafti baada ya kuniliwa kanga,
ile nyekundu, nimebaki na kipande
kimeandikwa MWENYE PUPA, basi;
maneno mengine yalikwenda na pindo
kabla sijawahi kusema "ala!"
Fundo lilikuwa legevu, namshukuru Mungu.
Wewe vaa suruali ya skuli, ile iliyokubana.

Pini ikikatika usitie msumari.
Imefanywa dhaifu makusudi, ife yenye gia zipone.
Zipo nne kwenye kopo la maziwa.
Lakini kwanza zima, ufunguo mfukoni,
kisha ngoja mpaka usikie ndege.
Injini hunyamaza mwanzo, panga baadaye.
Wala usipitishe hata kidole chini yake
kabla ya kulitegemeza kwa yale magogo mawili:
mafuta ya kunyanyulia yanavuja,
hushuka lenyewe kidogo kidogo
kama kope za mtu anayesinzia darsani.

Na watoto. Watakuja; trekta kwao ni harusi.
Ukimwona mmoja tu, zima.
Usimpigie kelele, hasikii.
Zima.

Umeniuliza mara ngapi lile kovu
la mnazi wa tatu kutoka kisimani,
nami nikakwambia radi.
Si radi.
Nilikanyaga klachi. Mguu peke yake.
Chini ya mnazi alikuwepo mtoto wa miaka mitatu,
kakalia kumbi, anachokora dafu kwa kidole.
Mamako alikuvuta kwa mkono mmoja, bega likateguka,
ndilo hilo linalokuuma mvua ikikaribia.
Jabu hakunilaumu hata siku moja.
Jioni ile aliniletea uji, akakaa nami mpaka nikaumaliza.
Tangu hapo mkono wangu hutoa gia
hata nikiwa nimelala, mjombako aliwahi kuniona.

Haya. Maji ya rejeta yatie ingali baridi.
Upande wa kisimani uache,
nitaufyeka kwa mundu nikirudi, nikiona.
Ufunguo utakuwa na chumvi. Ufute.